Woga Alioununua Kunihiko

Wiki ileile aliyotoka hospitali, mdogo wangu Kunihiko alijinunulia woga. Aliuleta nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka juu ya meza, akaanza kuchomeka nyaya zake kwenye televisheni ya mama. Ilikuwa mashine ya gemu ya kijivu, na gemu yenyewe moja tu: mlinzi yuko peke yake ndani ya hosteli ya wachimba madini iliyotelekezwa mlimani, na wale wachimbaji waliofia mgodini hawataki kulala. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, tumbo lina mshono mbichi, anakaa kitako kutishwa na picha.

Mimi nina saluni hapa Nagaoka, na wateja wangu mpaka leo wananiuliza. Wengine wana watoto wao wanaojifungia na gemu za namna hiyo, wanataka kujua mtoto ana kasoro gani. "Hivi Hisae, mgonjwa kama yule alikuwa anapendea nini vitisho?" Huwa nawajibu kwa mkato, maana mkasi uko mkononi na machozi hayafai kudondoka kwenye nywele za mtu aliyelipia. Lakini jibu ninalo. Alinipa mwenyewe.

Kwanza niseme kuhusu ugonjwa. Baada ya upasuaji, daktari alituita mama na mimi kwenye chumba kidogo karibu na ofisi ya manesi, akafunga mlango. Kunihiko alikuwa ghorofa ya juu, bado na dawa ya usingizi kichwani. Daktari alichora tumbo kwenye karatasi, akachora na ini, kisha akaweka vidoa vingi kwenye ini. "Tumefungua, tumeangalia, tumefunga," alisema. "Majira ya kuchipua akiyaona, tushukuru."

"Ni vidonda vya tumbo," mama alisema, kabla hata daktari hajafunika kalamu yake.

"Mama, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Na Kunihiko naye atasikia kwamba ni vidonda vya tumbo. Vimekatwa, vimeisha."

Daktari akainamisha kichwa kama muuza duka aliyepokea oda ya kila siku. Hakushangaa hata kidogo. Miaka ile, kwetu ndivyo ilivyokuwa: ugonjwa wa aina hiyo haambiwi mgonjwa, huambiwa nyumba yake, na nyumba ndiyo inayoamua mgonjwa ajue au asijue. Karibu kila nyumba iliamua asijue. Baba yetu alikufa hivyohivyo, akiamini ana mawe kwenye nyongo, akipanga kwenda kuvua samaki.

Tulipotoka koridoni nilimshika mama mkono. Nikamwambia Kunihiko si mtoto, ana mambo yake ya kupanga.

"Ukimwambia atakata tamaa," mama alisema. "Akikata tamaa atakufa. Basi utakuwa umemuua wewe. Naujua mdomo wako, Hisae, hauna mlango."

Nilinyamaza kwa hasira, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo, ingawa mama mwenyewe siku hizi ni mzee wa kunyweshwa supu kwa kijiko.

Kilichonitia wazimu zaidi ni Mizuho. Kunihiko alikuwa na binti, miaka kumi na mmoja, anayeishi na mama yake huko Hakodate, ng'ambo ya bahari. Kwetu watu wakiachana, mtoto anakuwa wa mmoja. Yule mwingine hana siku yake wala sauti yake, na wengi hujipotezea kimyakimya wakasifiwa kwamba wana busara. Kunihiko alikuwa amejipotezea miaka mitatu. Sanae, aliyekuwa wifi yangu, hakuwa mtu mbaya. Alituma kadi kila mwaka mpya yenye picha ya mtoto, na chini yake aliandika kwamba Kunihiko akitaka kuja aje, ila atoe taarifa mapema.

Kitandani hospitali Kunihiko aliamua kwenda. Alinieleza uso wake ukiwa umechangamka, nami nikachangamka naye. Kisha akasema, "Lakini siyo hivi nilivyo, dada. Nimekuwa mfupa. Ataniogopa. Ngoja nipone vizuri, ninenepe kidogo, theluji ikiyeyuka nitaenda."

Theluji ikiyeyuka! Nilikwenda chooni nikajifunika mdomo kwa taulo. Hapo ndipo nilipoona uongo wa mama unakula nini. Haukuwa unamlinda. Ulikuwa unamwibia mtoto wake, siku moja baada ya nyingine, na yeye anashukuru na kusema uji ni mtamu.

Basi akawa anakaa nyumbani kwa mama, anacheza. Saluni yangu haina watu saa za mchana theluji ikizidi, kwa hiyo nikawa nakwenda kukaa naye. Mama alikuwa na ile meza fupi yenye hita chini na mfarishi juu, tunaingiza miguu humo, Kunihiko anavuta pazia, mimi namenya machenza.

"Kwa nini unafunga pazia? Kweupe huko nje."

"Dada, huwezi kuogopa vizuri kwenye mwanga."

"Mimi naogopa vizuri popote. Hebu mwambie huyu bwana wako asiende huko. Si unasikia mtu anakwaruza ukuta?"

"Nasikia. Ndiyo maana naenda."

"Akili huna."

Akacheka. Mlinzi akafungua mlango, taratibu, ule mlango ukilia kwa maringo, na mimi nikamwagia chenza mfarishi wote. Ndani hapakuwa na kitu. Kiti tu. Nikatukana matusi ambayo wateja wangu hawayajui.

Nilijifunza sheria za ile gemu bila kutaka. Risasi ni chache. Chupa za dawa ni chache zaidi. Kuna chumba kimoja kila ghorofa chenye jiko linalowaka, humo wachimbaji hawaingii, na pana muziki wa kinanda wa pole. Ukitaka gemu ikumbuke ulipofika, unatumia njiti ya kiberiti kuchochea lile jiko, na njiti nazo zinahesabika. Halafu kuna kasha la kuwekea vitu vyako. Mlinzi akijeruhiwa anashika ubavu na kuburuta mguu. Ukibonyeza kitufe fulani, maandishi yanatokea kueleza ana hali gani, na hayapambi: umeumia, umeumia vibaya, uko karibu kufa.

Siku moja nilimuuliza swali lilelile ninaloulizwa mimi sasa. Nilimwambia ziko gemu za magari, ziko za mpira, ziko za kucheza watu wawili, hata mimi ningejaribu.

"Za watu wawili mtu anakusaidia," alisema. "Mimi nimechoka kusaidiwa. Mama ananishika mkono kwenda chooni. Wenzangu wa kazini walikuja, wakaongea na mimi kama wanabembeleza mtoto mchanga."

"Basi ndiyo uende kukimbizwa na maiti?"

Akafikiri. Kunihiko alikuwa fundi wa lifti. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kugusa waya. "Unajua, miaka yote ile nimeshuka kwenye mashimo ya lifti, giza totoro, na sikuwahi kuogopa. Kila waya naujua. Sasa niko hapa, kwa mama, nimefunikwa mablanketi, kila mtu ananitabasamia, na naogopa. Sijui naogopa nini. Kinakuja wakati nakula. Kwenye gemu angalau ninachokiogopa kina miguu. Nakisikia kinakuja. Naweza kukimbia, naweza kupiga, naweza kujificha kabatini. Na nikiumia naambiwa nimeumia."

Nilimenya chenza jingine ili nisimtazame.

"Huyu," akaonyesha mlinzi kwa kidevu, "hakuna anayemwambia umependeza leo."

Mama aliingia wakati huo na bakuli la uji wa wali. Akaangalia televisheni, ambako maiti mwenye taa kichwani alikuwa anatambaa kwenye ngazi. "Toa mambo hayo! Mgonjwa anatakiwa aangalie maua. Na leo umependeza, Kunihiko. Mashavu yamerudi."

Tulicheka mpaka Kunihiko akashika mshono wake, na mama akaondoka amekasirika, hajui tunacheka nini.

Mashavu hayakuwa yamerudi. Mwaka mpya ulipita, na kila wiki nilipomnyoa ndevu wembe ulipita juu ya mfupa. Macho yake yakaanza kuwa ya manjano. Majirani waliokuja na vyakula walisema, "Mbona umenawiri!" kisha wakifika mlangoni wananiuliza kwa mkono mdomoni, "Bado muda gani?" Niliwachukia wote. Nilikuwa nawafungia mlango kwa nguvu mpaka theluji inaporomoka kutoka kwenye paa.

Yeye akaendelea kusema kuhusu Hakodate. Akanituma nikamnunulie Mizuho soksi za sufu, kisha akauliza mtoto wa umri ule ana mguu wa ukubwa gani, na wote wawili hatukujua. "Tutampima nikienda," alisema. "Nikinenepa."

Kisha ikafika siku ile. Theluji ilikuwa imelala mpaka usawa wa madirisha, chumba kina giza hata bila pazia. Kunihiko alikuwa ameishiwa nguvu za kukaa, amelala ubavu, kidude cha kuchezea gemu amekiegemeza kwenye mto. Mlinzi alikuwa karibu na mwisho, ghorofa ya chini kabisa, ameumia vibaya. Anaburuta mguu, ameinama, anashika tumbo. Kila akipiga hatua tatu anasimama kuvuta pumzi. Nilimtazama yule wa kwenye kioo cha televisheni, nikamtazama huyu wa kwenye mto, na nikashindwa kuvumilia.

"Mpe dawa."

"Bado."

Akampeleka kwenye chumba cha jiko, akafungua kasha. Nikaona. Chupa za dawa zilijaa safu nzima, hazijaguswa. Risasi za ile bunduki kubwa, ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Njiti za kiberiti tele. Wiki zote zile mlinzi alikuwa anachechemea, anapigana kwa fimbo, na ana mali yote hii ndani ya kasha.

"Kunihiko! Hivi vyote vya nini?"

"Ndivyo gemu hizi zinavyochezwa, dada. Mtu unaweka akiba. Huko mbele kutakuwa kubaya zaidi, nitavihitaji."

"Vitumie sasa."

"Huko mbele…"

"Hakuna huko mbele!"

Nilipiga kelele. Sauti yangu ikanishtua mimi mwenyewe. Kunihiko hakugeuka. Kinanda kile cha pole kikaendelea kulia, mlinzi amesimama mbele ya kasha anahema.

"Hakuna, Kunihiko. Daktari hakutoa chochote tumboni. Alifungua akafunga. Ni saratani, iko kwenye ini. Ukingoja theluji iyeyuke hutamwona Mizuho."

Nadhani nilitegemea alie. Badala yake alisema kwa sauti kavu, "Mmejua tangu lini?"

"Tangu siku ya upasuaji."

"Wewe na nani?"

"Mama. Daktari. Majirani, nadhani."

"Majirani!" Akachukua chenza lililokuwa karibu akalitupa ukutani kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Muuza mboga anajua nakufa, mimi sijui! Nilikuwa na nguvu za kusafiri, dada. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa napanda ngazi. Nilikuwa naweza kutembea naye barabarani kama baba. Mmenifanya nikae hapa nasubiri mashavu!"

Nikalia. Yeye akahema, akajifuta jasho.

"Mwili uliniambia," alisema baadaye, kwa upole kidogo. "Kila siku uliniambia. Ninyi mkaniambia vingine, nikaona ni aibu kuuamini mwili kuliko mama yangu." Akakisogeza kidude mbali naye. "Mama anajua kwamba umenieleza?"

"Hajui."

"Basi mwache. Hilo hataliweza. Niletee simu."

Alizungumza na Sanae mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa ameupata mwisho wa wiki, na sharti moja. Siku ya safari mama alitufungia vitonge vya wali na mayai, akamfunga Kunihiko skafu mbili, akasema, "Ukirudi utakuwa umepona zaidi. Hewa ya bahari ni dawa." Naye akamwinamia, akamjibu, "Ndiyo, mama," kwa uso mkunjufu kabisa. Nilikwenda kusubiri ndani ya teksi.

Mashine ya gemu ilikuwa magotini pake, imefungwa ndani ya kitambaa. Nilimwambia ni wazimu kubeba chuma kile. Akasema hajui mtoto anapenda nini, miaka mitatu ni mingi, na hawezi kukaa naye chumbani wakitazamana kama watu waliokuja kuposa. Tulibadilisha treni Akita, tukabadilisha tena Aomori, na chini ya bahari, ndani ya lile handaki refu, alilala begani kwangu. Uzito wake ulikuwa si kitu. Niliomba treni isifike haraka, kisha nikaomba ifike haraka.

Sanae alimleta Mizuho kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, karibu na stesheni. Mtoto alikuwa mrefu, nywele kazikata fupi mpaka nikashindwa kujizuia kujiuliza nani aliyemkata vibaya hivyo. Alipiga magoti kwenye mkeka, akamwinamia baba yake mpaka chini, akasema yale maneno ya heshima mtu anayomwambia mgeni wa mwalimu mkuu. Hakumwita baba. Hakumwita chochote. Kunihiko naye akamwinamia, akamuuliza habari za shule, akajibiwa kwamba shule ni nzuri. Nilitaka kuwapiga vichwa wote wawili.

Mlangoni, akivaa viatu, Sanae alizungumza kwa sauti ya chini. "Nimemwambia ni vidonda vya tumbo. Tafadhali tuendelee hivyohivyo. Ana mitihani."

Lile ndilo lilikuwa sharti. Kunihiko aliinamisha kichwa. "Nimeelewa," alisema.

Damu ilinipanda. Nilimtazama mdogo wangu, nikafikiri, basi na wewe utamfanyia hivyo? Uliyetupa chenza ukutani? Lakini nilikuwa nimeshatumia sauti yangu yote Nagaoka. Hii ilikuwa yake na mwanawe. Nilikaa pembeni na chai.

Kunihiko akaunganisha nyaya. Alipapasa kwa vidole, na Mizuho, bila kuambiwa, akasogea akamshikia taa ya mezani ili aone matundu ya televisheni. Baba yake akamuuliza kama anapenda vitisho. Mtoto akasema hajui, mama haruhusu. "Basi jaribu," Kunihiko akampa kidude. "Mimi nimechoka vidole. Cheza wewe, mimi nitakaa hapa."

Mizuho alicheza kama mtu aliyeokota pesa barabarani. Alifungua lile kasha, akachukua kila kitu. Dawa akamnywesha mlinzi hata alipokwaruzwa kidogo. Risasi za bunduki kubwa akazimwaga kwenye maiti mmoja, mlegevu, ambaye hata mimi ningemsukuma kwa ufagio.

"Taratibu, taratibu," Kunihiko alicheka. "Utaishiwa."

"Kwani si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo kazi yake."

Kisha mchimbaji akaibuka nyuma ya mlango na Mizuho akapiga yowe, "Baba!" akamrukia begani, kidude bado mkononi. Neno lilitoka lenyewe. Kunihiko alifumba macho kidogo, maana alimgonga penye maumivu, lakini hakumsogeza. Mkono wake akauzungusha nyuma ya mtoto. "Niko hapa," alisema. "Kimbia. Kimbia, mlango wa pili."

Kuanzia hapo walikaa wameegemeana, nyuso zote mbili kwenye kioo. Nje ilikuwa mchana, theluji laini inaanguka juu ya tramu zinazopita. Mlinzi alishuka ghorofa ya mwisho, kwenye korido ndefu ambako taa yake haifiki mbali. Mizuho akapunguza mwendo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida, kama anauliza njia.

"Baba, vidonda vya tumbo vinamfanya mtu awe na macho ya manjano?"

Kikombe kilisimama mkononi mwangu. Kunihiko hakuondoa macho kwenye kioo.

"Hapana," alisema.

"Mama alisema ni vidonda vya tumbo."

"Mama yako alitaka usome vizuri. Si vidonda. Ni saratani. Shika ukuta wa kushoto, katikati wanakusikia."

Mlinzi akasogea ukutani. Dole gumba la Mizuho liliendelea kubonyeza, hatua, hatua.

"Utakufa?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Karibu. Sitafika majira ya kuchipua, nadhani."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana," Kunihiko alisema. "Muda mrefu nilikuwa naogopa peke yangu. Sasa hivi, hapa, siogopi sana. Hapo mbele pana mlango, usiufungue kwanza, sikiliza."

Wakasikiliza. Kulikuwa na kitu kinakwaruza upande wa pili. Mizuho hakufungua. Hakurudi nyuma pia. Dole lake likaacha kubonyeza, na nikaona mabega yake membamba yanaanza kutikisika.

"Mbona hukuja?" aliuliza. "Miaka yote ile ulikuwa mzima. Mbona hukuja?"

"Nilidhani bado muda upo," alisema mdogo wangu.

Mizuho akakiachia kidude kikaanguka mkekani. Akamgeukia, akamkumbatia shingoni kwa nguvu zake zote, na Kunihiko, ambaye tangu utoto sikumwona akilia mbele ya mtu, alilia kwa sauti, uso wake ndani ya zile nywele zilizokatwa vibaya. Kwenye kioo mlango ulifunguka wenyewe. Wachimbaji walitoka na taa zao, wakamzunguka mlinzi, wakamwangusha. Alipiga ukelele wake. Hakuna aliyegeuka kumtazama.